Kuonja kwa Niaba ya Salma

Jumatatu, 3 Machi

Trei nne za pilau zimetoka, nne zimerudi tupu. Pasta imerudi nusu. Tambi za Kichina zimerudi kama zilivyokwenda, mpaka ua la karoti juu yake. Nimepima mabaki mwenyewe, kila kaunta na ndoo yake, nikaingiza kwenye kompyuta. Hoteli hii inaamini ndoo kuliko mdomo wa mgeni. Mgeni atakuambia chakula kitamu na sahani ameiacha nusu. Ndoo haina adabu hiyo.

Ramadhani siku ya tatu. Mchana wageni ni wale wasiofunga, watoto wao na masikio ya plastiki waliyonunuliwa kwenye paki ya michezo ya jirani. Jioni ndipo ukumbi unajaa.

Kaunta yangu ni ya tisa. Ya mwisho, baada ya aiskrimu. Mtu akinifikia ameshajaza sahani. Na bado trei zinarudi tupu. Kibao kinasema "Wali wa Viungo". Miaka sita napika pilau chini ya kibao cha wali wa viungo.

Chef Marwan ametangaza kwenye mkutano wa jioni: menyu yote inabadilika baada ya Idi. Kila mwaka hubadilisha kidogo. Safari hii anafagia. Kaunta tisa zitabaki sita. Mgeni ana bangili mkononi inayomruhusu kula mgahawa wowote kati ya minne ya hoteli, na wameanza kutukimbia kwenda kula baga chini ya treni za kupinduka.

"Yalla, nataka vyakula vyenye hadithi," akasema.

Hadithi ninayo. Niliingia hapa kuosha sufuria. Sasa nina kaunta, na ndoo inanishuhudia. Nataka kibao kiandikwe pilau, na jina langu chini yake: Damaris. Sitaki zaidi ya hapo. Sitaki pungufu.


Jumatano, 5 Machi

Ameletwa mtu wa kutunga menyu mpya. Msichana. Amesomea mambo ya hoteli Ulaya, koti jeupe bado lina mikunjo ya kiwandani.

Nilimtambua kabla hajageuka. Kwa kisogo. Kisogo kile nimekisuka miaka mitatu.

"Dada Dama!" Mbele ya jiko zima. Akanikumbatia na aproni yangu ya mafuta. "Jamani, huyu kanilea mimi! Wallahi, kanilea!"

Salma. Mjukuu wa Bi Zuwena wa mtaa wa Al Twar. Nilifika kwao nikiwa na miaka ishirini na nne, kutoka Kitale, na begi moja. Dada wa kazi. Waunguja wale wako Dubai tangu kabla sijazaliwa. Salma alikuwa na miaka kumi na moja na hataki vitunguu. Nilimtolea kwenye pilau kimoja kimoja, kwa uma. Watu wema. Sina baya la kusema juu yao, na hilo nalo linaniudhi.

Sasa jiko zima linajua nilikuwa nafua nguo za nani. Sikuwa nimeficha. Sikuwa nimeulizwa.

Miaka kumi na nne mimi nimepanda, ngazi moja moja. Yeye ameingia kwa mlango wa juu. Nina wivu. Naandika hapa ili nisiseme jikoni.


Alhamisi, 6 Machi

Chef ameniita ofisini. Salma alikuwa ameshakaa.

Mpango ni huu. Kaunta tano zimeshapita. Nafasi ya sita inagombaniwa na sisi na watu wa Meksiko. Tarehe 20, wakati wa kufuturu, tutawapikia watatu: Chef mwenyewe, meneja, na madam wa idara ya masoko. Wakitupitisha, kaunta itaitwa Jiko la Bibi wa Unguja. Mkuu wake Salma. Mimi msaidizi. Wasipotupitisha, kaunta inafungwa na mimi nahamia mayai ya asubuhi.

Nikauliza: na mimi nikipika kivyangu, kama siku zote?

"Habibti, wewe unapika vizuri sana," Chef akasema. "Lakini yeye ana bibi."

Na mimi nina bibi. Yuko Kitale, anachemsha mahindi.

Kisha Chef akachukua vipimo vyangu vya pilau, nilivyomwandikia miaka ile, akampa Salma aanzie hapo. Ni kweli pilau niliijulia kwa Bi Zuwena. Lakini Bi Zuwena anapika kwa jicho na kiganja. Ukimuuliza bizari kiasi gani, anakuambia "kiasi chake". Mimi ndiye niliyekaa na mizani siku zangu za mapumziko, nikaipeleka kutoka watu kumi hadi mia tatu bila kuwa uji. Gramu kwa gramu. Hayo ni yangu. Hayo hakuna bibi aliyenipa.

Salma akanishukuru. Alishukuru vizuri, kwa mikono miwili. Nilitamani asingeshukuru.


Jumapili, 9 Machi

Jikoni kwetu mwezi huu una utaratibu wake. Anayefunga hapeleki kijiko mdomoni. Wengine husema mpishi anaruhusiwa kugusisha ncha ya ulimi kisha ateme. Wengi hawataki kubahatisha saumu yao kwa ajili ya supu ya watalii. Kwa hiyo kila sufuria ya aliyefunga ina mtu wake asiyefunga. Mnepali anaonja kwa ajili ya Mpakistani. Babirye, Mganda ninayelala naye chumba kimoja, anaonja supu za yule Mmisri. Hakuna karatasi iliyopangwa. Unamchagua unayemwamini. Na hakuna kuuliza mara mbili, wala kwenda kuuliza mwingine. Ukiambiwa imekolea, unafunika. Kutafuta ulimi wa pili ni kumwita mtu mwongo mbele ya watu.

Salma amenichagua mimi.

"Ulimi wako ndio ulionifundisha kula," akasema.

Leo amejaribu pilau kwa mara ya kwanza. Vitunguu amevipeleka mbali kuliko mimi, karibu na weusi, kama anavyofanya bibi yake. Mimi niliacha zamani. Wageni waliuliza mbona wali mweusi, nikaufanya wa dhahabu. Nikaonja. Nikajiona nimesimama kwenye lile jiko la Al Twar, dirisha limejaa mvuke na Bi Zuwena ananisema kwamba nakoroga kama nasonga ugali.

Ni nzuri. Ni nzuri kuliko yangu. Naandika mara moja tu, sirudii.

Nilimwambia chumvi imepungua. Ilikuwa imepungua kweli.


Jumanne, 11 Machi

Madam wa masoko alikuja na mpiga picha. Wamemletea Salma kinu na mchi, sijui wamevitoa wapi. Hatutwangi hapa. Tuna mashine ya kusagia viungo kubwa kuliko pikipiki.

Nilikuwa nyuma yake nakata nyanya.

"Dada, sogea kidogo. Kidogo tena. Bado mkono unaonekana."

Nikasogea. Nyanya zangu zimebaki kwenye picha. Mimi simo.


Ijumaa, 14 Machi

Siku ya mapumziko. Nimefua. Babirye kanisuka, hapa hapa Al Quoz kwenye mabweni ya wafanyakazi, kitandani kwake, madirisha yamefungwa kwa vumbi la gereji. Nikamwambia yote. Akacheka mpaka kitana kikamponyoka.

"Banange! Sasa huyo mtoto amekuibia nini? Pilau ni ya nyanya yake."

"Vipimo ni vyangu."

"Vipimo! Wewe nyabo, umewahi kuona mgeni anasema, mmm, gramu tamu hizi?"

"Suka tu."

"Nasuka. Lakini nakuambia, ukimkasirikia huyo, kichwa kinakaza, nywele hazishiki."

Hana anachokitaka pale kazini. Anaosha, anakata, anaonja supu ya Mmisri, anarudi kulala. Naye ninamwonea wivu. Kwa hilo.


Jumapili, 16 Machi

Leo nimefanya jambo. Dogo.

Salma alipika kuku wa kupaka kwa ajili ya wafanyakazi, majaribio. Alasiri akaniletea kijiko, amekinga mkono chini kisidondoke. Jicho lake limechoka. Siku ya kumi na sita anafunga huyo, na anashinda kwenye moto. Nikaonja. Tui zito, ndimu ipo, pilipili ipo. Chumvi hakuna. Yaani hakuna, amesahau kabisa.

"Imekolea," nikasema.

Lilitoka lenyewe, kama salamu.

Magharibi wakala. Hakuna aliyelalamika, watu wenye njaa hawalalamiki, ila chupa ya chumvi ilizunguka meza nzima. Salma akala tende, akanywa maji, akakata kipande cha kuku. Akatafuna. Akaiangalia ile chupa inavyozunguka. Halafu akaniangalia mimi. Akaichukua chupa naye akatia.

Nilitarajia nitafurahi. Nilifurahi kwa muda wa kuosha kijiko kimoja.


Jumatatu, 17 Machi

Hajaniuliza. Ananiita Dada Dama vile vile. Leo tumepanga vyombo vya tarehe 20 pamoja, anahesabu, nahakiki. Alikosea sahani mbili nikamsahihisha. Akasema, "Bila wewe ningekuwa wapi." Mtu akisema hivyo unashindwa kujua anakusifu au anakuchoma.


Jumatano, 19 Machi

Kibao kimechapwa, hata kabla hatujapitishwa. Wamekileta tuone kinavyopendeza. Mbao, maandishi ya dhahabu. Jiko la Bibi wa Unguja. Chini yake: Mapishi ya Salma, kutoka mkononi mwa bibi yake.

Nimekigeuza na nyuma nikaangalia. Kama mjinga. Nyuma ya kibao kuna nini?

Miaka sita. Trei nne kila jioni, na Ijumaa sita. Nimepiga hesabu ya sahani nikaacha, kwa sababu hesabu ile haina wa kuisoma. Msichana ana wiki mbili ana dhahabu.

Kesho pilau ndiyo itakayoamua. Na pilau haina msamaha. Chumvi inatiwa kwenye supu ya nyama, kabla ya mchele, na supu lazima ikaribie kuzidi, kwa sababu mchele unakuja kunywa nusu yake. Ukishamimina mchele na kufunika, umefunika na makosa yako. Chef amefunga, meneja amefunga, Salma amefunga. Wa kuonja ni mimi peke yangu.

Akiniuliza kesho nitasema imekolea.

Nimeshaamua. Naenda kulala.


Alhamisi, 20 Machi

Nianze mwanzo, nisiruke.

Saa kumi tulikuwa na sufuria tatu: kuku wa kupaka, mchuzi wa pweza, na pilau. Kuku na pweza nilionja nikasema kweli. Palihitajika ndimu, akatia. Nilitaka azoee kuniamini.

Saa kumi na moja kasoro supu ya pilau ilikuwa tayari. Nyama laini, vitunguu vyeusi vimeyeyuka, harufu imefika mpaka kwa watu wa keki. Babirye alikuwa jirani anamenya viazi. Salma akachota, akakinga mkono.

"Dada Dama."

Nikaonja. Chumvi nusu. Nusu kamili ya inayotakiwa. Mimi hilo silikosei.

"Imekolea," nikasema.

"Imekolea?"

"Imekolea. Mimina mchele."

Akaniangalia kidogo. "Haya. Niletee kotmiri kwanza, tafadhali. Iliyoko kwenye chumba baridi."

Nikaenda. Kwenye chumba baridi nikasimama mbele ya maboksi ya kotmiri na kichwa kikapoa pamoja na mwili. Nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga jana. Salma akishinda, mimi msaidizi wa pilau. Salma akishindwa, mimi mayai. Kaunta ni yake na ni yangu. Nimekaa juu ya tawi naye, nalikata, na upande wa kuanguka ni mmoja. Yeye ana vyeti na Al Twar. Mimi nina ile kaunta.

Sikuwa na huruma. Nataka niliandike sawasawa. Ilikuwa hesabu.

Nikarudi mbio. Salma hakuwepo, amekwenda kumpokea madam wa masoko mlangoni. Mchele umeoshwa, uko kwenye chujio pembeni. Supu inachemka, bado haijamiminiwa. Babirye ameitwa kwenye sinki. Nikashukuru Mungu. Nikapima chumvi kwa mkono, ile nusu iliyokosekana, mkono wangu ni mizani. Nikatia. Nikakoroga mpaka ikayeyuka.

Sikuonja. Nionje nini? Nilikuwa nimeonja sasa hivi. Nilijua pungufu ni kiasi gani na kiasi hicho ndicho nilichotia.

Salma akarudi, akamimina mchele, akafunika, akaweka makaa juu ya kifuniko kama kwao. Tukatazamana. Nikamtabasamia. Nilikuwa mtu mwema kwa muda wa saa moja.

Adhana. Wakala tende. Wakanywa maji. Salma akapakua pilau mwenyewe, mvuke ukapanda, madam wa masoko akapiga picha. Chef akachukua kijiko kikubwa, mtu ambaye hajala tangu alfajiri.

Akasimamisha taya.

Akameza. Akachukua maji. Meneja akachukua maji. Madam wa masoko alitoa mezani kitambaa cha karatasi akajifuta ulimi, ulimi kabisa, mbele ya watu.

"Nani ametia chumvi hapa?" Chef akauliza. Hakupaza sauti.

Nikafungua mdomo.

"Mimi, Chef," Salma akasema.

Nikaufunga.

Wamekula kuku kidogo. Pweza hawakumgusa. Watu wa Meksiko waliingia na mikate yao na jibini, na kila mtu akala kwa haraka, ili atoe ladha ile.

Nimekaa hapa naliangalia ukuta. Kosa nililolifanya mimi, amelichukua yeye, mbele ya wakubwa, bila kutetemeka. Hata kosa langu amenipokonya. Hata hapo yeye ndiye aliyeonekana mtu mzima. Ninamwonea wivu mpaka mate yananikauka, na sijui ni wivu au ni ile pilau, maana nilikwenda nikaionja mwishoni. Kijiko kimoja. Chumvi ilikuwa nyingi kuliko nilivyotia. Nyingi sana. Mkono wangu haukosei hivyo.


Ijumaa, 21 Machi

Nimejua.

Babirye ndiye aliyenieleza, akipiga mswaki.

"Lakini nyinyi nani aliwaroga? Mtoto aliniita nionje. Nikasema, chumvi imekuwa kidogo. Akatia. Mimi mwenyewe nikaonja tena, ikakuwa sawa kabisa. Sasa nani tena alitia?"

Nikakaa chini.

"Wewe?" Akatema povu. "Banange, Damaris! Ng'ombe mmoja mmemchinja mara mbili!"

Alicheka. Kisha akaona sura yangu akaacha.

Yaani nilipokuwa kwenye chumba baridi napiga hesabu, Salma alikuwa ametafuta ulimi wa pili. Kotmiri ilikuwa ya kuniondoa tu. Na mimi, mwenye kinywa kilicho wazi katika jiko la watu waliofunga, nikatia bila kuonja.

Nikamfuata stoo ya mchele. Alikuwa anahesabu magunia. Alikosea, sikumsahihisha.

"Umemuuliza Babirye," nikasema.

"Ndiyo."

"Baada ya mimi kukuambia."

"Baada ya wewe kuniambia." Akageuka. "Na kuku wa Jumapili, Dada Dama? Nilisahau chumvi yote. Yote. Ukaniambia imekolea. Nikajiambia labda ana mafua."

"Sikuwa na mafua."

"Najua huna mafua."

Akakaa juu ya gunia. Pale alikuwa wa miaka kumi na moja tena, mdomo umetokeza.

"Kwa nini hukunisema kwa Chef?" nikauliza.

"Ningesema nini? Nilitia kweli. Nilidhani ni mimi nimezidisha. Nimelala nikidhani ni mimi." Akaanza kuelewa. Nikaona uso ukibadilika, polepole. "Ulitia na wewe?"

"Nilitia."

"Kwa nini, kama ulitaka niharibikiwe?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba nilipiga hesabu.

Hakucheka, hakulia. Akasema, "Khalas," akainuka, akaanza kuhesabu magunia upya, kutoka la kwanza.


Jumanne, 25 Machi

Menyu mpya imebandikwa. Kaunta sita. Meksiko ndiyo ya sita. Tambi za Kichina zimepita, zile zinazorudi kama zilivyokwenda, kwa sababu zina mtu anayezivuta hewani watoto wakapiga makofi. Ndoo haikuulizwa.

Pilau haimo. Wala wali wa viungo.

Mimi mayai ya asubuhi, kuanzia baada ya Idi. Salma amehamishiwa mgahawa wa baga, akatunge menyu ya watoto. Yeye ameshindwa na amepewa mgahawa. Mimi nimeshindwa na nimepewa kikaango. Naliandika tu lilivyo.

Jioni mzee mmoja wa Kisudani, anakuja na wajukuu kila Ramadhani, alikuja kaunta ya tisa akaniuliza kama wali wangu utakuwepo mwakani. Nikamwambia hapana. Akaongeza kijiko kingine. Ndoo yangu leo haikuwa na kitu cha kupima.

Kile kibao cha dhahabu nimekiona stoo, kimegeuzwa, kimeegemezwa ukutani. Hakikunifurahisha.


Ijumaa, 28 Machi

Tumepishana koridoni. "Dada Dama." "Salma." Basi.

Halafu akarudi hatua mbili. "Bibi anasema uje Idi mosi au pili. Anasema miaka kumi na moja hujamwona na unaishi mji mmoja naye. Anasema kama umekufa aambiwe."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia menyu haikupita. Mengine hakuuliza."

Nikaendelea na trei zangu.


Jumatatu, 31 Machi

Idi pili. Nimekwenda.

Nilibadilisha nguo mara mbili. Metro, kisha teksi. Al Twar haijabadilika sana, ukuta wa Bi Zuwena umepakwa rangi mpya na yasmini imepanda juu ya geti. Miguu ikanizungusha yenyewe mpaka mlango wa jikoni. Miaka kumi na moja, na bado inajua.

"Mlango wa mbele umekufanya nini wee?" Sauti ile ile, kutoka ndani. "Au unakuja kudai mshahara?"

Amekuwa mdogo. Kanga inamzunguka mara mbili. Nikamshika mikono, nikasema shikamoo, akasema marahaba mwanangu, akanitazama juu mpaka chini.

"Umenenepa. Vizuri. Ulikuwa kama ufito."

Wageni walikuwa sebuleni, wengi, watoto na nguo zao mpya. Mimi sikupelekwa sebuleni wala sikuwekwa jikoni. Nilijiweka mwenyewe jikoni, na yeye akanivutia kiti.

Salma alikuwa kwenye jiko, amefunga kanga juu ya gauni la Idi. Vitunguu vyeusi. Supu inachemka. Mchele umeoshwa, uko kwenye chujio. Hakugeuka.

"Miye chumvi daktari kanikataza," Bi Zuwena akasema. "Presha. Mwaka wa tatu huu napika kwa kubahatisha, na huyu kila siku yuko kwenye mahoteli yenu. Chakula changu nimeshapika, hakina hata ladha, ndicho anachokitaka daktari. Hiki ni cha watu." Akachota kwenye sufuria, akakinga kiganja chini ya kijiko. Kumbe ule mkono wa kukinga Salma ameutoa kwake. "Dama. Hebu onja, mwanangu."

Salma akageuka.

Hakuna aliyefunga leo. Angeweza kuonja mwenyewe. Alisimama tu, mwiko mkononi, ananitazama.

Bado nina wivu. Nimetazama nyumba ile, bibi yule, kisogo kile, nikaona kila kitu ambacho yeye amekikuta na mimi nimekitafuta. Haujaisha. Nadhani hautaisha. Leo ulikaa kimya pembeni, kama mgeni aliyechoka.

Nikaonja.

"Imepungua," nikasema.

"Kiasi gani?" Salma akauliza.

Nikafungua kiganja, nikamwonyesha. Akatia kiasi hicho. Akakoroga. Akachota tena, akaniletea.

"Onja tena."

Nikaonja tena.

"Sasa imekolea."

Akamimina mchele, akafunika. Bi Zuwena akapanga makaa juu ya kifuniko kwa koleo, moja moja, akatuambia tutoke tumpishe. Hatukutoka. Tukakaa hapo hapo, tunangoja mchele.